Springi Laini ya Triga Baada ya Miaka Sita

Katika kabati langu la vifaa, hapa Mafinga, kuna kiberiti kisicho na njiti hata moja, na ndani yake kuna kibahasha cha kaki cha duka la dawa, cha aina ile wanayokuandikia "1×3". Juu ya kibahasha hicho niliandika kwa wino: "urefu 14.6, waya 0.5". Hivyo ni vipimo, kwa milimita, vya springi laini ya triga ambayo fundi mwenye leseni aliifunga katika bunduki yangu ya kuwindia ya kaliba .30-06. Kwa miaka sita kibahasha kilihifadhi springi ya awali, ile iliyotoka nayo kiwandani, huku laini ikifanya kazi ndani ya bunduki. Sasa zimebadilishana makazi.

Wenzangu wa uwanja wa shabaha, na wawindaji ninaofahamiana nao Iringa na Mbeya, wamekuwa wakiniuliza swali moja kila wanapoivuta triga hiyo bunduki ikiwa tupu: springi laini kiasi hiki haitachoka mapema? Ni swali la haki, kwa kuwa bunduki si tochi ambayo ikigoma unaipigapiga kwenye kiganja ikawaka. Jibu langu ni kwamba springi yenyewe haikuchoka hata kidogo, na pamoja na hayo nimeitoa. Maelezo yanayofuata ni ya jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Ni vizuri kwanza kuitenga springi hii na ile kubwa iliyo ndani ya bolti, kile chuma chenye mkono unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele ili kuingiza risasi, kwa sababu watu huzichanganya mara kwa mara. Springi kubwa ndiyo inayoisukuma pini ikapige fataki ya risasi. Ikilegea, unapata risasi zisizolipuka, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Springi ya triga ni fupi kuliko kidole cha mwisho cha mtoto mchanga, na kazi yake ni kuirudisha triga mahali pake baada ya kuvutwa na kuibana hapo, ili kile kipande cha chuma kinachoizuia pini iliyotegwa, ambacho hapa nitakiita kishikizo, kiendelee kuegemezwa vizuri. Unapovuta triga unashindana na vitu viwili: springi hiyo ndogo, na msuguano wa vyuma viwili vinavyokandamizana chini ya nguvu ya springi kubwa. Ndiyo maana kupunguza nguvu ya springi kwa nusu hakupunguzi uzito wa triga kwa nusu. Bunduki yangu ilikuwa ikivutika kwa kilo 2.1; ilipofungwa springi laini, yenye karibu nusu ya nguvu ya ile ya kwanza, ilishuka hadi kilo 1.3. Sehemu inayobaki, takriban nusu kilo ukiondoa mchango wa springi, ni msuguano, nao hauondoki kwa kubadilisha springi. Wanaotaka kuuondoa huanza kusugua vyuma kwa jiwe la kunolea au kupunguza eneo ambalo kishikizo kimeegemea, na hapo mtu ameacha ufundi na ameanza kucheza kamari na maisha ya wanaotembea mbele yake.

Nilipima kwa mizani ya dijitali ya kuning'iniza, ile ambayo wasafiri huitumia kupimia mabegi. Unahakikisha chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, iko tupu, unahakikisha tena, unaelekeza mtutu mahali salama, unaweka ndoano katikati ya triga na kuvuta polepole, kisha unarudia mara kumi. Wastani una maana yake, lakini kinachosema zaidi ni tofauti kati ya kipimo cha chini na cha juu. Hilo la tofauti nililidharau kwa miaka mingi, na nitalirudia.

Kuhusu springi kuchoka, mambo ni mepesi kuliko tunavyoogopeshana. Springi hufuata kanuni ambayo Mwingereza Robert Hooke aliichapisha mwaka 1678, kwamba nguvu inakwenda sambamba na kiasi ulichoibana au kuivuta, ilimradi chuma hakijavushwa mpaka wake wa kurudi katika umbo la awali. Kisichosemwa sana ni jinsi unene wa waya unavyotawala: katika springi ya kuviringishwa, nguvu hupanda kwa unene wa waya katika kipeo cha nne. Waya wa springi yangu ya kiwandani una milimita 0.6 na wa springi laini una milimita 0.5, na tofauti hiyo ya unywele mmoja, ikiwa vipimo vingine vyote ni sawa, inatosha kuishusha nguvu hadi asilimia 48. Ajabu yake ni kwamba ukizibana springi hizo mbili kwa kiasi kilekile, waya mwembamba ndio unaoumia kidogo zaidi, kwa sababu mkazo ndani ya chuma huongezeka kadiri waya unavyonenepa. Kwa maneno mengine, springi laini iliyotengenezwa kwa waya mwembamba wa chuma bora inaishi mbali zaidi na mpaka wake kuliko ile ngumu iliyoichukulia nafasi. Hofu yetu ilikuwa imegeuzwa juu chini.

Wapo wanaosema kwamba kubanwa muda mrefu ndiko kunakoiua. Springi ya triga huwa imebanwa kidogo wakati wote, bunduki ikiwa imetegwa au haijategwa, kwa hiyo hoja hiyo ingekuwa kweli triga zote za babu zetu zingekuwa zinaning'inia. Mkwawa alikufa mwaka 1898, mwaka uleule ambao jeshi la Ujerumani liliipokea Mauser 98, na hadi leo zipo bunduki za muundo huo zilizopita umri wa miaka mia moja huku springi zake za asili zikiirudisha triga bila kunung'unika. Chuma kilichopikwa vizuri kikibanwa ndani ya mpaka wake hulegea kiasi kidogo sana, na sehemu kubwa ya kulegea huko hutokea mapema, siku za mwanzo, si mwaka wa ishirini.

Kuhusu kubanwa na kuachiwa mara nyingi, fikiria bodaboda. Injini yake ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 3,000 katika dakika hiyo, na springi yake hubanwa mara hizohizo, siku nzima, kwenye joto kali. Mwindaji wa kawaida huku kwetu, pamoja na risasi za kurekebishia darubini na mazoezi ya bunduki tupu, akiivuta triga mara 5,000 katika maisha yote ya bunduki yake, atakuwa ameipa springi kazi ya bodaboda ya chini ya dakika mbili. Pikipiki haijatoka hata kijiweni.

Haya yote nayasema kuhusu springi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Springi ya kukatwa ni habari nyingine, na nimeona zaidi ya moja. Mtu anachukua koleo, anaondoa mizunguko miwili ya springi ya kiwandani, triga inakuwa nyepesi, naye anajisifu kwamba ameilainisha. Ukweli ni kwamba springi ikipunguzwa mizunguko inakuwa ngumu zaidi kwa kila milimita unayoibana. Kilichopungua ni urefu, na hivyo ule mbano wa awali unaoishikilia triga mahali pake kabla hujaigusa. Matokeo yake ni triga inayoelea mwanzoni na kukakamaa mwishoni, yaani kinyume cha kile ambacho kila mlenga shabaha anakitaka. Ncha iliyokatwa nayo haijasawazishwa, kwa hiyo springi inakaa imeinama na kusugua ukuta wa tundu lake. Kasoro hiyohiyo ya ncha ndiyo ninayoikuta katika ujanja wa kutumia springi ya kalamu ya kubofya. Najua inavutia, kwa kuwa kalamu inauzwa kila kioski, na kwenye bunduki ndogo ya .22 springi hiyo mara nyingi huingia kana kwamba ilipimwa. Lakini ilitengenezwa irudishe mrija wa wino, na hakuna aliyeahidi lolote kuhusu chuma chake.

Sasa nifike Chunya, kwa sababu huko ndiko nilikofundishwa.

Ilikuwa Julai, nikiwa na kibali cha kuwinda pofu mmoja, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, kaskazini mwa Makongolosi, pamoja na afisa wanyamapori na mzee mmoja msoma nyayo ambaye tangu siku ya kwanza aliniita mwanangu ingawa nywele zangu nazo zimeanza kubadilika rangi. Tulikuwa na siku tatu za njia za porini, bunduki ikiwa kwenye ala yake ya turubai nyuma ya gari, na vumbi lile jekundu ambalo huingia hata ndani ya chupa ya maji iliyofungwa. Asubuhi ya siku ya nne, kabla ya saa moja, kukiwa na baridi ya kuvalia koti, tulimkuta dume pekee pembeni ya kichaka cha miombo. Nilipiga. Akayumba, hakuanguka, akageuka kutuonyesha ubavu wa pili.

Nilivuta bolti nyuma, ganda likaruka, nikaisukuma mbele na kuifunga. Ilifunga kilaini mno. Mtu aliyeizoea bunduki yake anaujua ule ukinzani mdogo wa mwisho, pale pini inaponaswa na kishikizo huku bolti ikiendelea mbele. Ukinzani huo haukuwepo. Pini ilikuwa imeshuka pamoja na bolti. Nilirudia, ikawa vilevile, na risasi nzima ikaanguka majanini. Mara ya tatu, bolti ikiwa wazi, niliitazama triga na kuona kwamba imebaki nyuma, imelala mahali nilipoiacha kidole changu kilipotoka. Niliisukuma mbele kwa ukucha wa kidole gumba. Ikaenda polepole, kama mlango wa friji unaojifunga wenyewe, kisha nikasikia mlio mdogo wa chuma kukaa mahali pake. Risasi ya pili ilimaliza kazi, lakini mnyama alikuwa amesimama na jeraha kwa muda ambao haukustahili kuwepo, na pini inayoshuka juu ya risasi iliyo ndani ya chemba si jambo ambalo mtu aliye na wenzake pembeni anapaswa kulifanyia majaribio. Afisa alinyamaza. Mzee aliokota ile risasi iliyoanguka, akaipangusa kwenye shati lake, akanikabidhi.

"Mwanangu, bunduki yako inasinzia."

Niliporudi Mafinga sikukimbilia kuisafisha. Niliipima kwanza kama ilivyo, na namshukuru Mungu kwa uvumilivu huo, kwa sababu ningeisafisha kwanza ningebaki na dhana tu. Katika mivuto kumi, kipimo cha chini kilikuwa kilo 1.2 na cha juu kilo 1.9, na mara mbili triga ilikataa kurudi. Kisha nikakitoa kitako na kuangalia ndani kwa tochi. Kuzunguka ekseli ya triga kulikuwa na uji mzito wa vumbi na mafuta, rangi na unene wa ugoro uliolowa, na katikati yake mbegu moja ya nyasi yenye mkia. Niliosha kila kitu kwa petroli safi na brashi ya mswaki, nikaacha ikauke, nikapima tena: kilo 1.3, mvuto hata mvuto, tofauti isiyofika gramu 40. Springi niliitoa, nikaiweka kwenye venia, kile kipimio cha taya cha kupimia vitu vidogo. Urefu wake ulikuwa milimita 14.5. Miaka sita ilikuwa imeichukulia sehemu moja ya kumi ya milimita, na hata hiyo sina hakika kama si mkono wangu.

Springi ilikuwa na nguvu zake zote. Tatizo ni kwamba nguvu zake zote zilikuwa nusu ya zile ambazo waliobuni bunduki walizitenga, na ile nusu tuliyoiondoa ili kidole kifurahi ndiyo iliyokuwa akiba ya kusukuma uchafu. Kwa miaka yote niliyotumia springi ngumu nilikuwa mzembe vilevile, nilipita kwenye vumbi lilelile, na triga haikubaki nyuma hata mara moja. Sikuwa msafi, nilikuwa nimebebwa.

Uchafu huo nilikuwa nimeupikia mwenyewe. Kila baada ya msimu nilikuwa nikiipulizia triga ile dawa ya kopo ambayo mafundi wa magari huitumia kufungulia nati zilizoshika kutu, nikiamini kwamba kinachofukuza kutu ni kizuri popote. Dawa hiyo inapokauka huacha utando unaonata, vumbi linaukuta utando, na mwaka unaofuata unapuliza tena juu yake. Baridi huumalizia. Mtu wa pwani anaweza kuishi na uji huo miaka mingi, kwa kuwa joto linaulainisha. Huku kwetu, kuanzia Mufindi hadi Njombe na Makete, ambako Juni na Julai nyasi huamka na barafu nyeupe juu yake, mafuta mazito hukakamaa kama samli. Tangu siku hiyo triga yangu naiacha karibu kavu, na ekseli inapata tone moja la mafuta ya cherehani, linalochukuliwa kwa ncha ya sindano, kisha nafuta kana kwamba sikuweka. Mafuta ya kupikia, ambayo nimeona yakitumika kwa hoja kwamba mafuta ni mafuta, hugeuka gundi kabisa.

Kwa wenzetu wa Rungwe kuna adui mwingine. Tukuyu inapata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na springi nyingi hutengenezwa kwa waya wa chuma kigumu usio na kinga ya kutu. Rudi kwenye kile kipeo cha nne. Kutu ikiupunguza waya wa milimita 0.5 hadi 0.4, asilimia 41 tu ya nguvu ndiyo inayobaki, na kila kishimo cha kutu ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Hapa springi laini inakuwa dhaifu kweli, kwa kuwa kutu yenye kina kilekile hula sehemu kubwa zaidi ya waya mwembamba. Mwenye bunduki Tukuyu ana haki ya kuogopa kile ambacho mimi wa Mafinga nilikiogopa bure.

Kwamba triga huharibiwa na kinachoizunguka springi si hadithi yangu peke yangu. Aprili 2014 kampuni ya bunduki ya Remington ilitaka zirudishwe bunduki za Model 700 na Model Seven zenye triga ya X-Mark Pro, zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006, kwa sababu gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha ingeweza kuzifanya zifyatuke bila kukusudiwa. Kampuni ya Savage, kwa upande wake, ilikubali mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba watu watataka triga nyepesi kwa vyovyote, ikaweka ulimi mwembamba katikati ya triga ambao usipobonyezwa unakizuia kishikizo kisiachie kabisa pini. Naiona hiyo kuwa njia ya kiungwana zaidi ya kuulainisha mvuto kuliko yangu, kwa kuwa akiba iliyoondolewa kwenye springi imelipwa mahali pengine.

Kwa hiyo bunduki ya kuwindia imerudishiwa springi yake ya kilo 2.1. Kazi hiyo aliifanya fundi yuleyule mwenye leseni, maana Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikuandikwa kwa ajili ya mapambo. Alipomaliza tulifanya majaribio yale ambayo nilipaswa kuyafanya kila mwaka, bunduki ikiwa tupu: kuifunga bolti kwa kishindo mara kumi na kuona kama pini inabaki imetegwa, kugonga kitako kwenye kipande cha tairi, kisha kuweka sefti, ile swichi ya usalama, kuvuta triga kwa nguvu, kuiachia, kuondoa sefti na kuhakikisha hakuna kilichofyatuka. Hilo la mwisho linafichua triga isiyorudi kuliko mengine yote. Porini kilo 2.1 hazijanikosesha mnyama; kwa umbali wa hatua mia moja moyo wangu unayumbisha mtutu zaidi ya kidole changu.

Bunduki yangu ya .22 ya uwanjani ni tofauti, na sikuigusa. Ina springi laini kwa muda mrefu zaidi, imepiga risasi zisizopungua 9,000, na haijawahi kusinzia. Inasafiri ndani ya sanduku gumu, inapigwa juu ya meza, na kila baada ya risasi 500 inaoshwa na kupimwa kwa mizani ya mabegi, namba zikiandikwa kwenye daftari. Tofauti ya chini na juu ikivuka gramu 100, naifungua kabla sijauliza kwa nini.

Mwezi uliopita mpwa wangu, ambaye ameanza kulenga shabaha na ana kidole chepesi kuliko changu, aliniomba ile springi ya kwenye kiberiti.

"Mjomba, si umesema haijachoka?"

Nilimtolea kibahasha, nikampa venia, nikamwambia aipime mwenyewe, halafu aniambie bunduki yake inalala wapi na mara ya mwisho aliifungua lini. Alisoma 14.5. Swali la pili alilifikiria kidogo, akairudisha springi ndani ya kaki, akaenda kutafuta mswaki wa zamani.